Sindano za Makovu ya Chunusi Usoni: Ipi Inalifaa Kovu Lako?

Wiki saba kabla ya kwanjula yake, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, binti wa dada yangu alinijia nyumbani Jinja akiwa na simu iliyojaa matangazo ya kliniki za Kampala. Moja ilitangaza sindano ya kujaza mashimo ya chunusi, nyingine sindano ya damu ya mgonjwa mwenyewe, na ya tatu sindano ya kulainisha makovu. Akaniuliza, "Mama mdogo, nichomwe ipi?" Nilimwomba aiweke simu mezani, nikamsimamisha kando ya dirisha ili mwanga wa asubuhi umpige usoni kutoka ubavuni, kwa sababu mwanga wa mbele huyaficha mashimo na wa pembeni huyafichua. Kisha nikaivuta ngozi ya shavu lake taratibu kwa vidole viwili. Mabonde mapana ya shavuni yalitoweka ngozi ilipotandazwa, yakarudi nilipoiachia. Kwenye panja palikuwa na vitobo vyembamba ambavyo havikubadilika hata kidogo. Chini ya taya, mahali alipowahi kutumbua jipu la chunusi, palikuwa na uvimbe mgumu unaong'aa, umetuna kama punje ya harage.

Uso mmoja ulikuwa na makovu ya aina tatu, na kila tangazo lililokuwa kwenye simu yake lilizungumzia kovu tofauti bila kulitaja. Mimi si daktari. Nimeishi na makovu haya mashavuni mwangu kwa zaidi ya miaka 20, nimeketi kwenye mabenchi ya kliniki za ngozi mara nyingi, na nimejizoeza kusoma jinsi dawa hizi zilivyojaribiwa kabla ya kumruhusu mtu anikaribie na sindano. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya msomaji aliyekwama pale alipokuwa binti yetu siku ile.

Kovu ni la namna gani?

Chunusi inayoingia ndani ya ngozi huharibu kolajeni, yaani nyuzi zinazoipa ngozi unene na uthabiti wake. Mwili ukishindwa kuzirudisha nyuzi hizo zote, ngozi hubonyea; ukizitengeneza kupita kiasi, ngozi hutuna. Makovu yaliyobonyea yana sura tatu. Kuna mabonde mapana yenye kingo laini, ambayo mara nyingi husababishwa na nyuzi ngumu zinazoivuta ngozi kutoka chini. Kuna mashimo yenye kingo kali, kana kwamba ngozi imegongwa mhuri. Kuna pia vitobo vyembamba na virefu, kama vya sindano, ambavyo huingia ndani kuliko upana wake. Makovu yaliyotuna nayo ni mawili: lile linalobaki ndani ya mipaka ya jeraha la awali, na keloidi, ambayo huivuka mipaka hiyo na kuendelea kukua.

Madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi si makovu. Ukipapasa kwa kidole hutahisi bonde wala kilima, na hakuna sindano kati ya hizi inayoyalenga. Hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa, hasa ukiyakinga na jua letu hili la Ikweta, na daktari anaweza kuyaharakisha kwa krimu. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona vijana wakitumia fedha nyingi kujaza mashimo ambayo hayapo, na wengine wakipaka krimu za kujichubua zilizochanganywa na steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe), ambazo huanzisha chunusi mpya na kuiacha ngozi nyembamba kama karatasi.

Vigezo vya kulinganishia

Nimetumia vigezo vitano kwa kila sindano: kovu linalolengwa, jinsi ilivyojaribiwa, muda ambao matokeo hudumu, hatari zake hasa kwa ngozi nyeusi, na namna inavyopatikana hapa Uganda.

Kigezo cha majaribio ndicho kinachosahaulika zaidi, ilhali ndicho kinachotenganisha dawa na matumaini. Sindano yenyewe, hata ikiwa tupu, huijeruhi ngozi, hukata baadhi ya zile nyuzi zinazovuta kutoka chini na kuuamsha mwili utengeneze kolajeni. Kwa hiyo picha ya kabla na baada haithibitishi kwamba dawa ndiyo iliyofanya kazi. Huenda ni ncha ya sindano, huenda ni uvimbe ambao bado haujashuka, huenda ni taa tu ya mpiga picha. Jaribio la haki huwa na upande wa kulinganisha. Uso wa binadamu unasaidia sana hapa, kwani una mashavu mawili ya mtu yuleyule: la kulia likipewa dawa na la kushoto likipewa maji ya chumvi, umri, chakula na jua vyote huwa sawa, na tofauti inayobaki inaweza kuaminiwa zaidi. Jaribio huwa bora zaidi pale mgonjwa na yule anayeyapima makovu wote wawili hawajui ni nani, au ni shavu lipi, lililopata dawa.

Asidi ya hayaluroniki

*Kovu linalolengwa.* Hii ndiyo sindano ya kujaza inayotumika zaidi duniani. Ni jeli inayovuta maji, nayo huinua mabonde mapana yanayotoweka ngozi inapovutwa. Kwenye mashimo yenye kingo kali husaidia kidogo, na vitobo vyembamba haiviwezi.

*Majaribio.* Marekani iliiruhusu jeli ya kwanza ya aina hii mwaka 2003, lakini kwa mikunjo ya uso, si kwa makovu ya chunusi. Tafiti zilizofanywa kwa makovu yenyewe ni ndogo, ingawa nyingi zimeonyesha nafuu. Kinachojulikana vizuri kuliko yote ni tabia ya dawa yenyewe, kwa kuwa imetumika kwa watu wengi sana.

*Kudumu.* Miezi 6 hadi 18 kwa kawaida, kutegemea ugumu wa jeli na mahali ilipowekwa. Baada ya hapo mwili huimeng'enya na bonde hurudi. Wengine wanaiona hiyo ni hasara. Mimi naiona kuwa nafasi ya kuuona uso wako ukiwa umebadilika kabla ya kufanya uamuzi wa kudumu.

*Hatari.* Vivimbe, michubuko na uwekundu wa siku chache ni vya kawaida. Hatari kubwa, ambayo ni nadra lakini ni ya sindano zote za kujaza, ni dawa kuingia ndani ya mshipa wa damu na kuuziba. Ngozi inayolishwa na mshipa huo inaweza kufa, na ikiwa mshipa huo unaungana na ile ya jicho, mgonjwa anaweza kupofuka. Kwenye ngozi nyeupe dalili ya mapema ni weupe wa ghafla. Kwenye ngozi yetu weupe huo hauonekani upesi, kwa hiyo mtoa huduma hapaswi kungoja macho yamwambie, bali aibonyeze ngozi aone kama damu inarudi haraka, na aamini maumivu makali yanapotajwa. Jeli hii ina faida moja ambayo nyingine hazina: kimeng'enya kiitwacho hyaluronidasi huiyeyusha. Faida hiyo haipo kama kimeng'enya hakipo. Uliza kabla ya kulala kitandani, "Hyaluronidasi iko hapa, ndani ya chumba hiki?" Ukijibiwa kwamba itaagizwa ikihitajika, vaa viatu uondoke.

*Hapa Uganda.* Hupatikana katika kliniki binafsi za Kampala, kwa dawa inayoagizwa kutoka nje, na bei huhesabiwa kwa bomba la sindano, moja moja. Uliza uso wako utahitaji mabomba mangapi, kwa sababu bei ya tangazo huwa ni ya bomba moja.

*Humfaa* mwenye mabonde mapana anayetaka mabadiliko ya haraka na yanayoweza kutenguliwa, na ambaye hatavunjika moyo yatakapoisha.

Chembe za PMMA ndani ya kolajeni ya ng'ombe

*Kovu linalolengwa.* Mabonde yaleyale ya mashavuni yanayotoweka kwa kuvutwa, ila kwa mtu anayetaka matokeo ya kudumu. Dawa hii, ambayo kibiashara huitwa Bellafill, ina tufe ndogo za plastiki ya polimethilimethakrileti (kifupi PMMA) zilizotandazwa ndani ya kolajeni ya ng'ombe pamoja na ganzi ya lidokeini. Kolajeni ya ng'ombe huyeyuka baada ya muda; tufe ni kubwa mno kumezwa na seli za kinga, hivyo hubaki, na mwili huzizungushia kolajeni yake wenyewe. Wapo wasomaji ambao kwa sababu za imani watataka kuuliza habari za ng'ombe huyo kabla ya jambo lingine lolote, na ni haki yao kujibiwa.

*Majaribio.* Hapa ndipo kuna ushahidi imara kuliko wa sindano nyingine za kujaza. Jaribio lililofanyika Marekani katika vituo 10, likiwa na washiriki 147, liliwagawa kwa bahati nasibu: wengine walipewa dawa, wengine maji ya chumvi. Mshiriki alihesabiwa kuwa amefanikiwa ikiwa angalau nusu ya makovu yake yaliyotibiwa yameboreka kwa alama mbili au zaidi kwenye kipimo cha makovu. Baada ya miezi 6, asilimia 64 ya waliopata dawa walifikia kiwango hicho, na asilimia 33 ya waliopata maji ya chumvi. Tafadhali irudie namba hiyo ya pili. Mtu mmoja kati ya watatu aliboreka vya kutosha kwa maji ya chumvi na ncha ya sindano tu. Kliniki yoyote inayotumia maji ya chumvi ingeweza kubandika ukutani picha nzuri za wateja hao, na picha hizo zingekuwa za kweli. Thamani ya dawa iko katika tofauti ya namba hizi mbili, na tofauti hiyo ni kubwa. Mwishoni mwa 2014 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliiruhusu kwa makovu ya chunusi ya mashavuni kwa watu waliovuka umri wa miaka 21.

*Kudumu.* Tufe haziondoki. Ukipenda matokeo, hilo ni jambo jema. Usipoyapenda, njia zilizopo za kuyaondoa ni kisu au sindano za steroidi, nazo huacha alama zao.

*Hatari.* Kolajeni ya ng'ombe inaweza kuamsha mzio, kwa hiyo hufanyika kipimo cha ngozi mkononi, na mgonjwa hungoja wiki nne. Vinundu vigumu vinaweza kujitokeza miezi au hata miaka baadaye. Kubwa zaidi kwetu ni kwamba maelekezo ya dawa hii yanaikataza kwa mtu ambaye ngozi yake huota keloidi au makovu yaliyotuna, na keloidi huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Kiafrika. Kabla ya kusema huna, pitisha vidole kwenye ndewe za masikio yaliyotobolewa, kifuani, mabegani na kwenye alama ya chanjo. Kisha uwaulize wazazi na ndugu zako.

*Hapa Uganda.* Usikubali maneno kama "dawa ya kudumu" peke yake. Taka kuona kisanduku kikiwa bado kimefungwa, jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho, na uulize kama dawa hiyo inatambuliwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. PMMA ya mtengenezaji mmoja si sawa na ya mwingine, na lile jaribio la watu 147 linaisemea dawa moja tu.

*Humfaa* mtu mzima asiye na historia ya keloidi, ambaye kipimo chake cha mzio ni safi na aliyekwisha kuyajua mabonde yake vizuri.

Hapo katikati, kati ya jeli inayoyeyuka na tufe za kudumu, kuna asidi ya poli-L-laktiki, ambayo huuchochea mwili utengeneze kolajeni kwa miezi kadhaa na matokeo yake hukaribia miaka miwili. Marekani iliiruhusu mwaka 2004 kwa watu wanaoishi na VVU waliopoteza mafuta ya mashavuni, tatizo ambalo wengi hapa wanalikumbuka kutoka enzi za stavudini, dawa ya zamani ya VVU. Hulifaa shavu zima lililobonyea kuliko kovu mojamoja.

Plazima ya damu yako mwenyewe

*Kovu linalolengwa.* Mabonde na mashimo mafupi yaliyotapakaa usoni. Kliniki huitangaza kwa herufi tatu, PRP. Damu kidogo huchotwa mkononi, huzungushwa kwa kasi ndani ya mashine, na ukiutazama mrija unapotolewa utaona damu nyekundu imezama chini, huku juu pamebaki maji yenye rangi ya mafuta ya alizeti. Hiyo ndiyo plazima, iliyojaa chembe sahani zinazotoa viini vya kuponya vidonda. Huchomwa chini ya kovu, au hupakwa baada ya uso kutobolewa kwa sindano ndogondogo nyingi.

*Majaribio.* Yapo majaribio ya shavu kwa shavu ambapo upande mmoja ulitobolewa na kupewa plazima na mwingine ukatobolewa tu, na mengi yameona upande wa plazima ukiendelea vizuri zaidi. Lakini ni madogo, na kila kituo hutayarisha plazima kwa namna yake, hivyo ni vigumu kuyajumlisha. Kwa maoni yangu plazima ni msaidizi wa kutoboa ngozi zaidi ya kuwa tiba inayojitegemea.

*Kudumu.* Kwa kawaida huhitaji vipindi vitatu au zaidi, kila kimoja baada ya mwezi mmoja hivi. Kolajeni inayopatikana ni yako mwenyewe na haiyeyuki kama jeli, ila matokeo huja polepole na kwa kiasi.

*Hatari.* Mzio ni nadra kwa kuwa damu ni yako. Hatari iko kwenye usafi wa mikono na vifaa. Mwezi Aprili 2024, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilichapisha taarifa ya wanawake walioambukizwa VVU baada ya huduma ya aina hii katika saluni moja isiyo na leseni huko New Mexico. Basi simama uone sindano ikifunguliwa mbele yako, uone jina lako likiandikwa kwenye mrija kabla haujaingia kwenye mashine, na ukatae kabisa kifaa cha kutobolea kilichowahi kumgusa mtu mwingine.

*Hapa Uganda.* Haihitaji dawa ya kuagizwa, ndiyo maana imeenea haraka, hata kwa watu ambao hawakustahili kuchota damu.

*Humfaa* mwenye subira, asiyetaka kitu kigeni mwilini, na ambaye makovu yake si ya kina.

Triamsinoloni

*Kovu linalolengwa.* Lililotuna, na hilo tu. Ni steroidi nyeupe kama maziwa inayochomwa ndani ya uvimbe wenyewe. Kovu gumu hukataa. Utaona daktari akisukuma bomba kwa nguvu na kilima kikipauka dawa inapoingia.

*Majaribio.* Imetumika kwa miongo mingi, nayo ndiyo tiba ambayo madaktari huanza nayo kwa keloidi. Zipo tafiti zilizoilinganisha na dawa nyingine ya kuchoma kwenye kovu, fluorourasili, au kuzichanganya zote mbili, na mchanganyiko mara nyingi umeleta nafuu nzuri.

*Kudumu.* Hurudiwa kila baada ya wiki nne hadi sita, kwa nguvu ya miligramu 10 hadi 40 kwa mililita kulingana na ugumu wa kovu. Keloidi inaweza kuota tena, kwa hiyo kumaliza kozi si kumaliza ufuatiliaji.

*Hatari.* Ikizidi au ikimwagika pembeni, ngozi husinyaa na doa jeupe hutokea, ambalo kwenye uso mweusi huonekana kutoka mbali na huchukua miezi kurudi. Dawa hii isiingie kamwe kwenye kovu lililobonyea, kwani itazidisha shimo. Hili ndilo kosa ninaloliogopa zaidi mtu anapoomba tu "sindano ya makovu" dukani.

*Hapa Uganda.* Ni ya bei nafuu kuliko zote nne, na kwa kuianza si lazima kwenda kliniki ya urembo. Kliniki ya ngozi ya hospitali kubwa kama Mulago, au madaktari wa ngozi walioko Mbarara, ambako chuo kikuu huwafundisha mabingwa wa fani hii, ni mahali pazuri pa kuanzia.

*Humfaa* yeyote ambaye kidole chake kinapanda kilima.

Uchague vipi kulingana na hali yako

Ikiwa chunusi mpya bado zinatoka, usichomwe sindano yoyote kati ya hizi za kujaza. Tibu chunusi kwanza, maana kila jipu jipya litachimba kovu jingine kando ya ulilolilipia. Mjamzito na anayenyonyesha waahirishe, na anayetumia isotretinoini (vidonge vya chunusi kali) au dawa za kuzuia damu kuganda amweleze daktari kabla ya siku ya sindano.

Kama mashimo yako mengi ni vitobo vyembamba, okoa fedha zako: muulize daktari wa ngozi kuhusu asidi inayodondoshwa ndani ya kila kitobo, au kukikata na kukishona. Kama ni mabonde na una shughuli karibuni, jeli ya hayaluroniki ifanywe angalau wiki tatu kabla, ili michubuko iishe. Kama ni mabonde na umechoka kurudia jeli, huna keloidi na umevuka miaka 21, hapo PMMA inastahili kuzungumziwa kwa kina. Kama fedha zako zinakuja kidogokidogo na huna haraka, plazima pamoja na kutoboa ngozi inaweza kugawanywa kwa miezi. Kama hujui ngozi yako itaitikiaje, omba kovu moja lililojificha karibu na sikio lijaribiwe kwanza, kisha ngojea miezi mitatu ulitazame.

Na yeyote utakayemchagua, hakikisha jina lake liko kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda. Mtoa huduma mwenye leseni hatakasirika ukiuliza.

Binti wa dada yangu alianza na uvimbe wa taya, kwa triamsinoloni, na hadi siku ya kwanjula alikuwa amechomwa mara mbili na kilima kimeshuka kiasi cha kufunikwa na poda. Daktari alimkatalia PMMA moja kwa moja kwa sababu ya uvimbe huohuo. Kwa mashavu alimshauri kovu moja dogo la karibu na sikio lijaribiwe jeli baada ya sherehe, na limeandikiwa tarehe yake ya kutazamwa.